Panya wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Nne

Pale maktaba wanawake wenzake waliitwa kwa watoto wao, Mama fulani na Mama fulani, na yeye aliitwa Mama Brashi. Jina hilo alipewa na walinzi wa mlangoni kwa utani, na lilipomkaa halikumtoka tena. Hakulikataa. Mtu akikuita mama wa kitu, hata kama kitu chenyewe ni nywele za mbuzi zilizofungwa kwenye kijiti, ukikataa itabidi ueleze kwa nini, na yeye hakuwa na hamu ya kumweleza mtu yeyote.

Kazi yake ilikuwa kusafisha vitabu vya kale. Si kupangusa vumbi la rafuni, hiyo ilikuwa kazi ya wafagiaji. Yeye alikaa ghorofa ya chini, katika chumba cha ukarabati chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, meza ndefu, taa ya shingo, na jiko la umeme la kupikia gundi ya unga wa ngano. Kitabu kikiletwa alikifungua ukurasa baada ya ukurasa. Kwanza brashi laini, kutoka kwenye mshono kwenda nje, kamwe si kinyume. Kisha ufutio mweupe, aliousugua kwa viduara vidogo vidogo bila kugusa wino, mpaka ile kahawia ya vidole vya watu inyanyuke na kugeuka makombo ya kijivu. Makombo aliyakusanya kwenye sahani ya bati, na sahani ikijaa aliimwaga kwenye pipa. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita. Kona za chini ndizo zilizompa taabu zaidi, kwa kuwa ndipo watu hulamba kidole wakafunua. Alizisugua kona hizo akiwalaani kimoyomoyo wasomaji wa zamani, watu wenye elimu lakini wasio na leso.

Na alikuwa hodari, tusimpunje. Kitabu cha miaka mia mbili kilitoka mikononi mwake kama kimeandikwa juzi. Ukutani pake palitundikwa cheti cha Mfanyakazi Nadhifu, chenye muhuri na sahihi ya mkurugenzi wa wakati ule.

Basi mwaka jana akaletwa Daktari. Hakuwa daktari wa sindano. Huyu alitibu, kama kutibu ndilo neno, karatasi. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye adabu, aliyekuja na masanduku sita ya mashine na friji ambalo mtu haruhusiwi kuweka soda yake. Haikupita wiki walinzi wakawa wamekwisha kumbatiza Daktari wa Uchafu.

"Kasoma miaka yote hiyo ng'ambo," alisema mlinzi mmoja, "karudi kunusa vitabu."

"Afadhali yeye ananusa," mwenzake akajibu. "Wewe hata kuvinusa hujawahi."

Siku yake ya kwanza chumbani Daktari alimkuta Mama Brashi ameinama juu ya pipa, sahani mkononi.

"Mama, subiri. Usimwage hiyo."

Akaipokea sahani kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo sahani ile haijawahi kuonyeshwa tangu itoke kiwandani. Kisha akavuta kigoda akaeleza. Ndani ya makombo yale, alisema, kuna mafuta ya ngozi, kuna mate, kuna jasho, pengine machozi. Mashine ikiyachambua itasema kama aliyeshika kitabu alikuwa mwanamume au mwanamke, kama alikuwa mgonjwa, ni ukurasa gani watu walikaa nao sana na upi waliuruka. Itasema hata jalada ni ngozi ya ndama au ya mbuzi.

"Maandishi kila mtu anaweza kuyasoma, mama. Lakini waliosoma hawakuandika majina yao. Walichotuachia ni huu uchafu tu."

Mama Brashi aliitazama sahani. "Na uliokwisha kumwagwa?"

Daktari aliangalia sakafu. "Huo ndio umekwenda, mama. Hukujua."

Kweli hakujua. Lakini kutojua hakumponyi mtu aibu, na siku ile ilimkamata hasa. Alirudi nyumbani hataki kula. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye tangu mume wa huyo mdogo afariki, alimuuliza ana nini. Akajibu kwamba ameambiwa leo kuwa kwa miaka ishirini na sita amekuwa akilipwa mshahara kufuta watu. Mdogo wake akadhani ni homa, akamletea maji. Cheti cha Mfanyakazi Nadhifu angekishusha asubuhi yake, ila ukuta nyuma ya cheti una shimo.

Daktari sasa akawa na shida moja. Alihitaji vitabu vichafu, na maktaba nzima hakuna. Alipita rafu baada ya rafu, akijaribu kona hizi na zile, na kila mara mashine ilimrudishia unga wa ufutio na hewa. Miezi mitatu alizunguka hivyo, uso umesinyaa. Kila alipomuuliza Mama Brashi, "Mama, kweli hakuna hata ukurasa mmoja uliokuponyoka?" Mama Brashi alijibu, "Mimi? Usafi ni kazi yangu," akainamia brashi yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kwa sababu ukurasa ulikuwepo. Na mwisho Daktari aliuona, kwa njia ambayo Mama Brashi hakuifikiria: alisoma daftari.

Daftari la hali ya vitabu lilikuwa kitu kikubwa chenye jalada jeusi, na sheria yake ilikuwa kali kuliko sheria zote za jengo lile. Huandikwa kwa wino. Halifutwi. Ukikosea, unachukua rula unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno, ili lisomeke bado, unaandika sahihisho chini yake na kutia sahihi. Katika daftari hilo, kwa mwandiko wa Mama Brashi wa miaka ishirini na miwili iliyopita, kulikuwa na mstari huu: Kitabu cha tiba, ukurasa 114, kona ya chini kulia imetafunwa na panya. Na mbele yake, kwa wino mwingine, miezi kadhaa baadaye: Doa lisiguswe. Karatasi ni dhaifu.

Karatasi haikuwa dhaifu hata kidogo. Na hapo inabidi turudi nyuma.

Miaka ishirini na miwili iliyopita Mama Brashi alikuwa na mtoto. Mume alikwisha kwenda kutafuta maisha mahali fulani na alipoyapata akabaki nayo. Mtoto, wa kike, wa miezi kumi, alilelewa na bibi yake mchana, mpaka bibi akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Hapakuwa na mtu mwingine, na likizo haikuwepo. Basi kwa wiki mbili mtoto aliingia maktaba kila asubuhi ndani ya kikapu, chini ya kitambaa, mbele ya walinzi walewale hodari wa kutunga majina, na kushinda chini ya meza ya ukarabati.

Mkubwa wa chumba wakati ule alikuwa fundi mzee waliyemwita Mzee Gundi, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Aliona kikapu siku ya kwanza. Alichukua kigoda chake akakisogeza mlangoni, na tangu hapo mtu akitaka kuingia ilikuwa lazima kwanza amwombe Mzee asimame, na Mzee hakuwa mwepesi kusimama.

Siku ya tisa Mama Brashi alikuwa amemaliza kumnyonyesha. Mtoto alishiba mpaka anacheua. Gundi ikaanza kutokota, na gundi ya unga usipoikoroga dakika hiyo inaganda mabonge, unaanza upya. Akamkalisha mtoto mwisho wa meza, akamwegemeza na mto wa kubania majalada, akageuka. Alikoroga. Nyuma yake mtoto alikuwa akiguguna maneno yake, halafu akanyamaza. Mtoto akinyamaza ghafla, mzazi hageuki taratibu.

Kitabu cha tiba kilikuwa wazi mezani, kizito, kimeandikwa kwa mkono, umri wake miaka mia mbili na zaidi. Kona ya chini ya ukurasa ilikuwa kinywani mwa mtoto, na maziwa yaliyocheuliwa yalikuwa yakimteremka kidevuni hadi kwenye karatasi.

Mzee Gundi alikuja akatazama. "Ametafuna?"

"Ametafuna."

"Amemeza?"

"Amemeza, Mzee."

Mzee aliinama akachunguza. Kilikuwa kimekwenda kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na ukingoni palibaki alama za meno manne, mawili ya juu na mawili ya chini, kwa sababu hayo ndiyo meno aliyokuwa nayo.

"Andika panya," alisema.

"Mzee, nitaandikaje uongo kwenye daftari?"

"Panya hafukuzwi kazi."

Akaandika panya. Na tangu siku hiyo Mzee Gundi alimwita mtoto Panya, akimuulizia kila asubuhi hata baada ya bibi kupona na kikapu kuacha kuja: "Panya wetu kaamkaje?" Kaamka salama, Mzee. Mkurugenzi wa wakati ule, aliposoma daftari, aliagiza mitego kumi na minne. Fundi wa mitego akawa anakuja kila mwezi, anabadilisha chambo, anatikisa kichwa. Miaka ishirini na miwili mitego ile haijanasa hata mjusi, na bado inategwa. "Huyu panya mjanja," fundi wa mitego husema, akaondoka zake.

Miezi minane baada ya kona ile mtoto alishikwa na homa. Siku ya kwanza walikaa kwenye foleni, siku ya pili walipewa kitanda, na alfajiri ya tatu kitanda kikapewa mtoto mwingine. Hakuna la kuongeza hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lakini yaliyofuata yaongezwe, kwa maana watu wema ndio walioyafanya. Mdogo wake, huyuhuyu aletaye maji, aliyekuja kwa msiba, alimwona dada anakumbatia nguo za mtoto usiku kucha asilale, akaona ataugua. Siku mama mtu alipokwenda kuoga, mdogo akazikusanya nguo zote, na kofia, na kitambaa cha kikapu, akazichoma nyuma ya nyumba. Alidhani anamsaidia kusahau. Picha haikuwepo, walipanga kupiga akitimiza miaka miwili. Kaburi lilikuwa na kibao cha mti kilichooza, na miaka kadhaa baadaye barabara ilipopanuliwa safu ile ya makaburi ikaingia chini ya lami. Mtoto alikuwa amekaa duniani mwaka mmoja na nusu, na dunia haikubakiwa na kitu chake hata kimoja, isipokuwa doa la maziwa na alama za meno manne katika kitabu cha serikali.

Ndipo Mama Brashi akaongeza ule mstari wa pili: Doa lisiguswe.

Vitabu vya rafu ile vilisafishwa mara moja kwa mwaka. Basi mara moja kwa mwaka alikifungua kitabu cha tiba, akakisugua ukurasa kwa ukurasa, na alipofika wa mia na kumi na nne aliweka ufutio chini. Hakulia, chozi ni maji, na maji yangeharibu. Alikaa tu. Mara nyingine alisoma kilichoandikwa pale. Ilikuwa dawa ya homa ya watoto: gome la mti fulani lisagwe, lichanganywe na asali, apewe asubuhi na jioni mpaka mwili upoe. Alikijua kifungu chote kwa moyo. Na alikichukia, kwa kuwa kilikuwa pale mezani siku ya tisa, kinasomeka, na hakikumfaa yeye wala mwanawe kwa lolote.

Hayo ndiyo Daktari aliyafungua, akiwa hajui anachofungua. Aliweka kona chini ya hadubini, akaitazama muda mrefu.

"Mama, hebu njoo uone. Panya hukwangua, anaacha michirizi. Hii imebanwa. Haya ni meno ya mtu."

"Mimi macho yangu siku hizi..." alisema Mama Brashi, na hakusogea.

Daktari aliupitisha ufutio wake mdogo mara tatu tu, kwa wepesi, akapeleka makombo kwenye mashine. Majibu yakaja baada ya wiki mbili. Mate ya mtoto mchanga, wa kike. Maziwa ya mama. Daktari, ambaye miezi yote ile hakuwahi kupandisha sauti, alikimbia ngazi hadi kwa Mkurugenzi akiwa na karatasi mkononi. Njia nzima akatunga hadithi, na hadithi ilikuwa nzuri, lazima tukiri: zamani sana, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alikipakata kitabu hiki akitafuta dawa ya homa. Huku anasoma huku ananyonyesha, na mtoto akauma kona. Aliyeandika panya daftarini aliikuta kona hivyo karne nyingine kabisa, akakisia tu. Nani angewaza kupima mate ya Mama Brashi?

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kupenda mambo yanayoonekana. Wiki ile ile alimwita mchoraji, na mlangoni pakasimamishwa bango refu kuliko mtu: mwanamke wa kale amevaa shuka, mtoto mapajani, kitabu mbele yao. Waandishi wa habari wakaja, wanafunzi wakaletwa kwa mabasi. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba walipanga mstari kutazama doa kupitia kioo, na Mama Brashi, aliyekuwa amezoea kukaa nalo peke yake, sasa alilazimika kupita mbele ya bango kila asubuhi na kila jioni.

Mwanzo alijiambia kuna heri. Doa limekuwa hazina, hakuna tena atakayeligusa. Na awe mtoto wa mwanamke wa bango, ilimradi abaki. Akajikaza. Lakini siku moja alikuwa akipita na ndoo, akamkuta mama wa makamo amesimama mbele ya kioo, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Maskini," mama yule alimwambia Daktari. "Sijui alipona?"

"Hatutajua kamwe," Daktari alijibu kwa upole.

Mama Brashi alishika ndoo kwa nguvu mpaka mkono ukauma. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku, saa, na kitanda. Siku mwanawe alipokufa walilia watu watatu, mmoja wao Mzee Gundi, na sasa mji mzima unamlilia na kumpa mama mwingine. Wivu ulimpanda, wivu wa kweli, kwa mwanamke wa rangi na turubai. Usiku huo alimwambia mdogo wake kwamba angeweza kulichana bango lile kwa kisu. Mdogo wake akaficha kisu cha jikoni.

Hata hivyo angenyamaza, kama si wembe. Jumatatu moja Daktari alikuja chumbani na kisanduku cha chuma, akapanga mezani wembe, koleo ndogo na kichupa.

"Nimepata kibali, mama. Makombo hayatoshi. Nikikata kona yenyewe, pale penye doa, tutajua ameishi lini, labda hata ugonjwa uliokuwa ukimsumbua."

"Ukikata, utabakiza nini?"

"Pale? Hakibaki kitu. Inasagwa, inayeyushwa kwenye dawa. Lakini majibu yatabaki."

Aliongea kwa furaha, mtoto wa watu, wala hakuona chochote. Akavaa glavu. Akafungua ukurasa.

"Ni wangu," alisema Mama Brashi.

"Nini, mama?"

"Huyo mtoto. Ni mwanangu. Hana miaka mia mbili. Angekuwa hai angekuwa anakukaribia wewe kwa umri."

Akasimulia yote amesimama, kuanzia kikapu mpaka panya, na Daktari alisikiliza wembe ukiwa mkononi. Aliposikia mwisho aliuweka chini. Machoni alionekana anataka kumwamini na anataka asimwamini, na huwezi kumlaumu, kwa kuwa na yeye alikuwa na mtoto wake pale kwenye bango.

"Mama, itabidi nipate uthibitisho," alisema polepole. "Ufungue kinywa."

Akamfungulia kinywa. Kijiti chenye pamba kikapita ndani ya shavu, kikaingia kwenye kichupa. Wiki tatu Mama Brashi alisubiri. Ndani ya hofu yake, asimwambie mtu, palikuwa na furaha ya siri iliyomshangaza: kwa mara ya kwanza kuna mashine inamtafuta mwanawe. Majibu yalipotoka Daktari alimsomea mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Mwenye maziwa na mwenye mate ya shavuni ni mtu mmoja. Mtoto ni wake wa kumzaa.

"Pole sana, mama," Daktari alisema, akamshika mkono. "Kweli, pole."

Mama Brashi aliomba ile karatasi ya majibu. Akaambiwa ni mali ya maabara.

Mkurugenzi hakuwa na pole. Alikuwa na bango la kushusha, waandishi wa kuwajibu, na wageni kutoka nje waliokwisha kukata tiketi. Alimsimamisha mbele ya meza yake.

"Miaka ishirini na miwili unatuandikia panya. Unajua mimi nimesaini mitego mara ngapi?"

"Nisamehe, Mkurugenzi."

"Nimekusamehe, ndiyo maana bado una kazi. Lakini kitabu hakiwezi kuonyeshwa kina uchafu wa mtumishi. Kisafishwe. Kona ijazwe karatasi mpya, inyooke. Na utasafisha wewe, maana hakuna fundi mwingine wa kukuzidi."

Hilo la mwisho alilisema kama sifa, na lilikuwa sifa.

"Naomba doa libaki," Mama Brashi alisema. "Lisikatwe, lisisagwe. Libaki tu kama lilivyo. Siombi kingine."

"Libaki kwa faida gani? Lingekuwa la kale ningekuelewa."

Mama Brashi alimwendea Daktari. Daktari aliinua mabega, macho mekundu. "Si uamuzi wangu, mama. Kwenye ripoti linaitwa uchafuzi wa kisasa. Kwetu halina thamani tena." Akajisikia alivyosema, akataka kurekebisha, akaishia kumsogezea kigoda.

Basi ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Mama Brashi aliwasha taa ya shingo, akapika gundi, akaikoroga mpaka mwisho bila kugeuka. Akafungua ukurasa wa mia na kumi na nne. Brashi kwanza, kutoka kwenye mshono kwenda nje. Kisha ufutio, kwa viduara vidogo. Alitarajia doa litakataa. Doa la miaka ishirini na miwili, alifikiri, litakuwa limeshika. Litamlazimu arudi juu aseme, Mkurugenzi, nimeshindwa. Lakini alikuwa ameusoma mkono wake vibaya, mkono ule haujawahi kushindwa na doa. Lilinyanyuka taratibu, likafifia, likaisha kabla ya chai ya saa nne. Akajaza kona. Alikata karatasi mpya ya kufanana rangi, akaibandika juu ya alama za meno, akaikandamiza kwa mfupa wa kulainishia karatasi, na ukurasa ukawa na pembe nne zilizonyooka.

Makombo yalijaa nusu sahani. Siku nzima alikuwa na shabaha moja, atayatia kwenye kikaratasi na kuyabeba nyumbani. Kikaratasi kilikuwa mfukoni, kimekunjwa tayari. Alikuwa anakitafuta kwa mkono wa kushoto Daktari alipoingia, akamwona na sahani, naye kwa kutaka kumsaidia, kwa kuwa hakujua amsaidie nini kingine siku ile, alikanyaga pedali ya pipa akamfungulia kifuniko.

"Hayo hayana haja ya kuhifadhiwa, mama," alisema kwa upole. "Mwaga tu."

Na akamwaga. Ule mkono wa kulia, uliofanya jambo hilo moja kwa miaka ishirini na sita, sahani ikijaa pipa likiwa wazi, ulimwaga kabla mwenyewe hajaamua. Aliusikia mguso wa brashi ikipangusa sahani mara mbili, kama kawaida yake, lisibaki hata chembe. Alipotazama ndani ya pipa makombo yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na majani ya chai na makombo ya kitabu kingine cha jana. Yote yalikuwa ya kijivu, ya mwanawe na ya watu wengine. Alisimama pale Daktari amekanyaga pedali, akimsubiri amalize.

"Tayari?" Daktari akauliza.

"Tayari."

Lililobaki ni daftari. Alichukua rula, akapiga mstari mwembamba juu ya neno panya, likasomeka bado, akaandika chini yake, kwa mwandiko mzuri: Imetafunwa na mwanangu. Alikuwa na meno manne. Akatia sahihi.

Mkurugenzi aliliona jioni. Hakugomba. Aliomba rula, akapiga mstari wake juu ya maneno yale, kwa uangalifu, mmoja, mwembamba, kwa kuwa sheria ni sheria hata kwa mkurugenzi, na akaandika: Uchafu wa kisasa. Umeondolewa. Halafu akaligeuza daftari, akamsogezea na kalamu. Sahihi hutiwa na aliyefanya kazi.

Mama Brashi aliisoma mistari yote mitatu, wa panya, wa mwanawe na wa tatu. Akashika kalamu, akasaini.

Asubuhi yake fundi wa mitego alikuja, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Alizunguka chumba, akabadilisha chambo, akapiga magoti kuchungulia chini ya meza, pale kilipokuwa kikikaa kikapu.

"Bado hajanasa?" Mama Brashi akamuuliza.

"Bado, mama. Lakini yumo."

"Hayumo," alisema Mama Brashi, akavuta kitabu kingine akaanza ukurasa wa kwanza.